Nzi Mwenye Neno

Niliolewa na mtu wa nzi. Wenzangu niliosoma nao Tanga waliolewa na walimu, na makarani wa bandari, na mmoja aliolewa na muuza vitunguu ambaye tulimcheka sana, mwishowe akawashinda wote kwa pesa. Mimi nikaangukia bwana afya. Tulipohamishiwa Kigoma nilidhani tunakwenda kuvuta pumzi karibu na ziwa, kumbe tunapelekwa kwa nzi wenyewe. Nyumba ya serikali Katubuka, bati linavuja, na jioni mume wangu kakaa kibarazani na kiberiti mkononi. Ndani ya kiberiti hamna njiti. Mna nzi.

Alikuwa anawahifadhi. Kila aina na kiberiti chake, na ole wako ukichukue kwenda kuwashia jiko. Mara ngapi nimefungua nikitafuta njiti nikakutana na mdudu kanitolea macho! Nikipiga yowe yeye anacheka, ananivuta mkono nije nitazame vizuri. "Mama watoto, huyu hana neno," ananiambia. Au anasema, "Huyu sasa, huyu ana neno." Ndivyo alivyowagawa viumbe wa Mungu, wenye neno na wasio na neno, na kwa kukaa naye miaka yote ile na mimi nilikuwa nimehitimu bila kupenda.

Yule mweusi mrefu wa chooni, anayefanana na nyigu mpaka wageni wanatoka mbio na kanga mkononi, hana neno. Akishakuwa mkubwa hagusi chakula chako wala haingii jikoni. Yule mwenye mistari kama nyuki, anayesimama hewani mbele ya ua kana kwamba amening'inizwa kwa uzi, hana neno, hana hata mwiba. Vile vidogo vya ndizi mbivu, havina neno. Wa kijani anayeng'aa juu ya samaki aliyeoza, ana neno. Na yule wa kijivu wa kila siku, ambaye sote tumemzoea hata tunampungia mkono tu aondoke, huyo ndiye alikuwa na neno kubwa kuliko wote. Haumi. Anatoka chooni na miguu yake, anatua juu ya chapati, anatapika kwanza ndipo anakula. Mume wangu alipenda kuyaeleza haya wakati tunakula. "Wewe mwanaume," nilikuwa namwambia, "Mungu atakuuliza."

Mmoja alikaa kwenye kiberiti cha peke yake, naye ni mbung'o, aliyeletewa na rafiki yake wa idara ya mifugo kutoka porini huko njia ya Uvinza. Alinionyesha anavyolaza mabawa, moja juu ya jingine, sawasawa na mkasi uliofungwa, wakati nzi wa nyumbani mabawa yake yameachana. Mdomo umetoka mbele kama sindano. "Huyu akikuuma anaweza kukupa malale, ule ugonjwa wa usingizi," alisema, "ingawa wengi wao hawana kitu, ni wachache tu walioubeba. Lakini mjini hayupo. Huyu ni wa watu wa mifugo. Wangu mimi ni wa chooni." Akafunga kiberiti akakirudisha juu ya kabati.

Na kweli miaka ile wa chooni walimtosha. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Warundi wanakuja kwa miguu wakipita vijiji vya mpakani, Wakongo wanavuka ziwa kwa maboti yaliyojaa hadi maji yanaingia. Ukishuka Kibirizi unakuta watu wamelala mchangani na masufuria yao na magodoro yao, pembeni dagaa wameanikwa, pembeni watoto wanajisaidia, maana wajisaidie wapi? Kipindupindu kikaingia. Mume wangu akawa hashikiki. Asubuhi yuko Kibirizi na gunia la chokaa, mchana yuko Ujiji anafunga vibanda vya chakula, jioni yuko Rusimbi anahutubia juu ya vifuniko vya vyoo. Ikapigwa marufuku kuuza chakula nje. Na mimi ndio nilikuwa nakaanga samaki wa migebuka na chapati hapo kibarazani kwangu, nina wateja wangu wa kudumu. Alinifungia mimi wa kwanza! Alikuja na chokaa yake mbele ya wateja akaniambia, "Sheria ni msumeno, mama watoto." Nilimpikia ugali nikamtengea bila mboga. Alipouliza mboga iko wapi nikamwambia imetuliwa na nzi.

Katikati ya tafrani hiyo ndipo alipokuja yule binti wa Kirundi. Alibisha hodi mlango wa uani, kichwani mzigo wa kuni anauza, na nyuma yake kijana mrefu mwembamba na mzigo mwingine. Kuni nilinunua. Wakawa wanarudi. Siku moja mvua ikawakuta kwetu, nikawaambia waingie stoo wangoje ipite, na ndio wakawa wamekaa.

Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Lakini siku moja tunachambua mchele alinieleza habari zake kwa mikono. Alifungua kiganja akaanza kukunja vidole. Baba, akakunja. Mama, akakunja. Mume. Kisha akaweka mkono usawa wa goti kunionyesha urefu wa mtoto, akakunja na hicho. Kikabaki kidole kimoja kimesimama, akakielekeza kwa yule kijana aliyekuwa anapasua kuni karibu na karo. Mdogo wake. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mchele wote nikaumwaga, akaanza kunibembeleza yeye.

Kwa sheria walitakiwa kuwa kambini. Mume wangu akaingiwa na hofu. "Mimi ni mtumishi wa serikali," akasema. Nikamjibu, "Na mimi ni mtumishi wa Mungu, tuone nani ana bosi mkubwa." Binti alikuwa ametoka kwenye kambi, na alichokiona humo hakutaka mdogo wake akione tena, akitajiwa kambi anaanza kufunga virago. Basi mume wangu akakubali, kwa kuwa alikuwa na moyo laini kuliko alivyopenda watu wajue. Majirani tukawaambia hao ni wasaidizi wetu kutoka Kasulu. Hakuna aliyesadiki, na hakuna aliyeuliza.

Yule kijana alikuwa mchangamfu jamani. Aliwafundisha wanangu kupiga mluzi kwa jani. Alikuwa mlaji, ugali wa muhogo unamjazia sahani, anamaliza, nikimuuliza umeshiba anasema, "Bado!" Hilo lilikuwa miongoni mwa maneno yake ya kwanza ya Kiswahili na alilitumia kila mahali. Umepumzika? Bado. Umeoga? Bado. Dada yake anamtazama akila na uso wake unafunguka kama wa mtu aliyeambiwa habari njema. Nilijua kabisa kwamba yule binti anaishi kwa sababu ya kijana yule. Akipatwa na jambo, na huyu hatunaye.

Sasa lazima niseme juu ya Kiha cha mume wangu. Watu wengi wa kuja hawakujisumbua na Kiha, kwa kuwa Kiswahili kinatosha mjini kote, lakini yeye alijisumbua na akajisifu. Alijua kusalimia. "Mwakeye!" anasema asubuhi, na mchana, na magharibi, ingawa hiyo ni salamu ya asubuhi, na wazee wa Rusimbi wanamwitikia kwa adabu zao huku wanatazama chini. Pale soko la Mwanga kulikuwa na mtu mmoja aliyefunga makopo kiunoni, watoto wanamkimbilia nyuma wakiimba, "Musazi! Musazi!" Mume wangu akauliza maana yake, akaambiwa ni mwenda wazimu. Neno likamkaa. Baiskeli ikikatika mnyororo, musazi. Mkubwa wake wa kazi, musazi. Mimi nikidai pesa ya mboga, musazi. Wageni wakija anawaambia Kiha hakimpigi chenga, na Kirundi ni hichohicho tu, ukijua kimoja umejua vyote viwili.

Kijana akapata kazi ya mkaa. Alikuwa anaondoka na wanaume wengine kwenda porini, njia hiyohiyo ya Uvinza, wanakaa huko wakichoma tanuri, kisha wanarudi na magunia juu ya baiskeli, weusi mpaka ndani ya masikio. Safari moja alirudi na uvimbe nyuma ya shingo, mwekundu, wa moto. Dada yake akaukanda kwa maji ya chumvi. Yeye anacheka. Haukupita muda homa ikampanda. Kigoma ya siku zile homa ilikuwa malaria, hakuna aliyefikiri kingine, akapewa vidonge vya malaria, akaamka, akarudia kuni zake. Homa ikaja tena. Kisha tena.

Halafu akaanza kuwa mtu mwingine. Mchana analala popote, hata amechuchumaa, tonge limo mkononi halijafika mdomoni. Giza likiingia ndio macho yanakuwa makavu, anazunguka ua, anagusa kuta. Anacheka peke yake. Wanangu wakimpa jani apige mluzi analitazama kana kwamba hajapata kuona jani. Siku moja alinishika kanga akanivuta kwa hasira nisijue nimekosa nini, na mara hasira ikamtoka akakaa chini akawa anatetemeka midomo.

Ndipo binti alipokuja kwa mume wangu. Nakumbuka jioni ile vizuri. Mume wangu alikuwa ametoka Kibirizi, viatu vyeupe kwa chokaa, na huko walikuwa wamezikwa watu, wakiwamo watoto. Nimemtengea chakula, binti akaingia akapiga magoti pembeni ya mkeka, akaanza kusema kwa Kirundi, mbiombio, huku anashika shingo yake, anashika kichwa. "Musaza wanje, Baba," akasema. "Isazi. Isazi yamuriye." Akarudia. Musaza, isazi, musaza, isazi, na machozi yanamtiririka.

Mume wangu akaweka tonge chini. Akatikisa kichwa polepole kama mtu mzima aliyeelewa. "Ndiyo, ndiyo, binti yangu," akamwambia. "Nimeelewa. Nitaleta dawa."

Binti akapiga makofi kwa heshima, akainama mpaka paji likagusa mkeka. Sijapata kuona mtu ametuliwa mzigo namna ile. Alipotoka mume wangu akanigeukia. "Anasema mdogo wake amepata wazimu. Na mimi nilishaona. Kwa waliyoyapitia huko, mama watoto, nani asingechanganyikiwa?" Na mimi nikaona ni kweli kabisa, kwa kuwa pale Kibirizi nilikuwa nimeona watu wazima wanaongea na maji.

Angekuwa mgonjwa wa homa tungempeleka hospitali, liwalo na liwe. Lakini wazimu? Wangeuliza ametoka wapi, amechanganyikiwa kwa nini, makaratasi yake yako wapi, na kesho yake wote wawili wako kwenye lori la kambini. Hata jirani yetu wa Kiha, mama wa mawese, ambaye angeweza kusema na binti vizuri, hatukumwita. Tulificha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulilijua hilo kama wanavyolijua watu wote, kwa mdomo. Mume wangu akaenda kwa rafiki yake mwenye duka la dawa akaja na vidonge vya kumtuliza mtu.

Lo, binti alivyovitunza vile vidonge! Alivifunga kwenye pindo la kitenge. Asubuhi na jioni anamkalisha mdogo wake, anamshika taya, anamtilia kidonge kimoja kimoja, anamnywesha maji, kisha anamtazama usoni kama mtu anayengoja sufuria ichemke. Kijana analala zaidi. Akiamka ni vurugu zaidi. Siku moja akamrushia dada yake kipande cha kuni kikamchana juu ya jicho. Mume wangu akaleta kamba, akamfunga mikono kwa upole huku anaomba radhi, na binti akamsaidia kushika, maana ni Baba amesema. Watoto wa mtaani wakaja kuchungulia uani. "Musazi! Musazi!" Binti alitoka na mawe akawafukuza mpaka barabarani, anatukana kwa lugha yake. Nilishangaa. Si mwenyewe ndiye aliyesema mdogo wake ni kichaa? Mbona likisemwa na watoto linamchoma? Nikajijibu kwamba ukweli unauma, nikarudi jikoni.

Mama wa mawese ndiye aliyelifumua. Nilikuwa kwake asubuhi napimiwa mafuta, binti amenishikia chupa. Wakasemezana wawili wao, kidogo tu, halafu yule mama akacheka akanigeukia. "Jirani," akasema, "huyu mtoto wako ananiuliza dawa ya nzi huchukua muda gani kumponya mtu. Tangu lini nzi akawa na vidonge?"

Na mimi nikacheka. Wallahi nilicheka. Mama akamuuliza tena, na safari hii binti akajibu kwa kirefu, anashika shingo, anashika kichwa kama jioni ile. Nikaona cheko linamwisha yule mama usoni. Akaweka kipimo chini.

"Anasema mdogo wake aliumwa na nzi wa porini, huko kwenye mkaa. Wenzake walimwambia nzi hao ni wabaya. Anasema alimweleza Bwana Afya, naye akasema ameelewa, akaleta dawa yake."

"Hakusema hivyo, shoga. Alisema mdogo wake ana wazimu. Mume wangu alimsikia vizuri, alisema musazi."

"Nani, huyu? Huyu amesema isazi! Isazi ni nzi. Musaza ni kaka. Mwanamke akimtaja ndugu yake wa kiume anamwita musaza. Musazi ndio kichaa wenu." Akanitazama. "Jamani, mmekuwa mkimpa nini huyo kijana?"

Binti alikuwa anatutazama, mimi kisha yule mama, kisha mimi. Hakuna aliyemfasiria. Hakukuwa na haja. Mkono wake ulishuka kwenye pindo la kitenge ukashika pale palipofungwa vidonge, ukabaki hapo. Siku zote zile alidhani anamtibu. Amemshikilia taya mtu wake wa mwisho duniani, amemnywesha usingizi juu ya usingizi, akiwa na hakika kwamba ni dawa ya nzi, kwa sababu bwana wa nzi wa mji mzima alimwambia ameelewa.

Sikumbuki nilivyofika Kibirizi. Najua ndala moja niliipoteza njiani. Mume wangu alikuwa amesimama juu ya boti lililopinduliwa, wavuvi na akina mama wa dagaa wamemzunguka, anahutubia. "Nzi huyu, ndugu zangu, msimwone mdogo..." Nikapenya mpaka mbele.

"Isazi ni nini?" nikamuuliza.

Akatabasamu, alidhani nimekuja na mzaha kuhusu chapati zangu. "Mama watoto, niko kazini."

"Wewe fundi wa Kiha, nakuuliza, isazi ni nini? Hujui? Basi waulize hawa. Haya, waulize!"

Hakuhitaji kuuliza. Wavuvi wakaitikia wote kwa furaha, kama watoto darasani wanaolijua jibu. "Nziii!"

Niliona neno likimwingia. Kwanza hakuelewa, kisha akaelewa, kisha akaendelea kuelewa, na hicho ndicho kilichokuwa kibaya kukitazama. Shingo. Homa. Usingizi wa mchana. Mkaa wa njia ya Uvinza. Alishuka kwenye boti kwa kukaa na kuteleza kama mzee. Hasira niliyokuja nayo ilikuwa kubwa na nilikuwa na maneno yake yote tayari, lakini nilipoona mikono yake inatafuta kitu cha kushika nikampa bega langu. Tulipanda kilima hivyohivyo.

Nyumbani alimfungua kijana kamba, akamgeuza, akapapasa shingo. Tezi zilikuwa zimevimba, pembeni limebaki kovu. Akambeba mwenyewe mgongoni mpaka barabarani tulipopata gari. Hospitalini walipouliza huyu ni nani na ametoka wapi, mume wangu akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Ni mkimbizi. Nimemhifadhi mimi nyumbani kwangu. Hayo mengine mtaniuliza baadaye." Tulihangaika kwa hilo baadaye, ndiyo, lakini halikuwa kubwa kama tulivyoliogopa. Ndicho kinachoniudhi mpaka leo. Kitu tulichokiogopa kilikuwa kidogo.

Walimtoa damu wakaitazama kwenye hadubini, na mpimaji akamwita mume wangu naye aangalie. Wadudu wa malale walikuwa wanajikunyata na kujinyoosha kati ya chembe za damu. Kisha wakamchoma uti wa mgongo, wakasema wameshaingia kichwani. Daktari hakutuficha. Alisema dawa ya hatua hii ni kali, ina sumu ndani yake, wengine inawaponya na wengine inawaua yenyewe. "Angeletwa wakati wa homa za kwanza," akasema, "tungekuwa tunaongea mengine." Alilisema bila ubaya. Mume wangu alikuwa ananitazama mimi, kana kwamba mimi ningeweza kumjibia.

Binti alihamia wodini. Alilala chini ya kitanda, akawafulia wauguzi, akawabebea maji wagonjwa wengine, na hapo ndipo alipojifunza Kiswahili, kwa kusikiliza. Kila nikipeleka uji nakuta amepata maneno mapya. Alikuwa anamkanda mdogo wake mafuta kwenye vifundo vya mikono, pale kamba ilipokuwa. Kuna siku moja kijana alifumbua macho akamtambua. Alimwita. Akala uji wote, nikamuuliza umeshiba, akatafuta neno kwa muda mrefu, akalipata, "Bado." Tulicheka wote watatu mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, kijana anapona. Akaenda chooni akakaa huko, nikamsikia analia.

Sindano iliyofuata ilimletea degedege. Hakuamka tena.

Msibani walikuja Warundi ambao sikujua walikuwa wamejificha wapi, wametokea Rusimbi, wametokea Ujiji, wengine nguo zimelowa maana walipita ufukweni wakikwepa barabara. Katekista wa jirani akasali. Wakamzika mwenzao kwa nyimbo zao, taratibu, na binti akatupa udongo wake akarudi akakaa mkekani kwetu, miguu ameinyoosha, macho makavu.

Mume wangu alikuwa hajaweza kumkaribia tangu hospitalini. Siku ile nzima kabla ya mazishi alikuwa kwa mama wa mawese. Nilimsikia ng'ambo ya ua anafundishwa maneno ya kumpa pole mfiwa, anayarudia, anakosea, mama anamsahihisha, anaanza tena. Alitaka kumwambia kwa lugha yake. Alitaka safari hii aseme sawasawa. Akavaa shati lililopigwa pasi, akaja mbele ya mkeka, akavua kofia, akapiga magoti. Akaanza. Na kwa masikio yangu alikuwa anasema vizuri, hata wale Warundi walinyamaza kumsikiliza.

Binti akainua mkono. Hakuwa na hasira, nilimtazama sana nione hasira, haikuwapo.

"Baba," akasema, "sema Kiswahili tu. Nakuomba."

Mume wangu akabaki pale magotini, kofia kaishika kwa mikono miwili, na hata Kiswahili hakikumjia.